MPELELEZI MCHA MUNGU NA WAZEE WA HANANG

Wako watumishi wa umma katika nchi hii ambao wakimwona askari kanzu wa New York akinong'ona sala ya Kiyahudi kando ya maiti husema kwa mshangao, "Huyo ndiye mpelelezi!" Watumishi hao hao wakihamishiwa Dongobesh au Katesh, wakawakuta wazee wa Kiiraqw wamekutana kumlaani mwizi asiyejulikana, husema kwa dharau, "Ushirikina mtupu!" Kauli hizi mbili hutoka katika kinywa kimoja, na mwenye kinywa haoni haya. Hiyo ndiyo kasumba. Nayo haina budi kusemwa waziwazi, kwa sababu gharama yake hailipwi na yule anayetazama televisheni. Hulipwa na mwananchi ambaye ng'ombe wake wameibwa, ndugu yake ameuawa au ardhi yake imechukuliwa, kisha anafika mbele ya meza ya mtumishi na haeleweki.

Mchezo unaozungumzwa hapa unaitwa "The Calling". Ulianza kuonyeshwa Marekani mwezi Novemba 2022 na kampuni ya Peacock, ukawa na sehemu nane, na haukuendelezwa baada ya msimu huo mmoja. Mtungaji wake ni David E. Kelley, fundi wa siku nyingi wa michezo ya mahakama na polisi. Mhusika mkuu ni Avraham Avraham, mpelelezi wa jeshi la polisi la New York, Myahudi anayeishika dini yake barabara. Husali, huwasikiliza kwa upole hata watu anaowashuku, na kazi ya kutafuta ukweli kwake ni wito wa kidini. Jina lenyewe la mchezo maana yake ni wito.

Michezo ya jamii hiyo huja Afrika Mashariki kwa njia nyingi: kwa king'amuzi, kwa simu ya mkononi, na kwa vibanda vya video ambamo msimulizi huigeuza kwa Kiswahili chenye vichekesho kuliko asili yake. Si kosa kuitazama. Kosa ni kuitazama kama mtu asiye na kwao.

BIDHAA

Jambo la kwanza linalofaa kujulikana ni kwamba Avraham hakuzaliwa New York. Amechukuliwa kutoka katika riwaya za Dror Mishani, mwandishi wa Israeli, ambazo ya kwanza ilitoka kwa Kiebrania mwaka 2011. Katika riwaya hizo Avraham ni polisi wa Holon, mji wa kawaida jirani na Tel Aviv, mji usio na fahari. Wala riwaya hazikumjenga juu ya ucha Mungu. Ni mtu mpweke, mwenye mashaka, anayekosea na kujuta. Wafanyabiashara wa picha walipomtaka, walimng'oa Holon, wakampeleka New York, wakamvika sala na tasbihi ya maneno matakatifu, kwa kuwa soko la Marekani linataka Myahudi anayetambulikana mara tu aonekanapo.

Hivyo ndivyo ubepari unavyofanya kazi katika mambo ya utamaduni. Hauchukui pamba na kahawa peke yake. Huchukua pia hadithi ya mji mdogo, ukaisafisha, ukaitia rangi, kisha ukairudisha duniani kama bidhaa. Ikiwa Holon, mji ulio katika nchi tajiri yenye marafiki wakubwa, umefanyiwa hivyo, Katesh itegemee nini?

Katika riwaya hiyo ya kwanza limo jambo ambalo kila mwalimu wa Kiswahili angepaswa kulitafakari. Mpelelezi anamweleza mama aliyepotelewa na mwanawe kwamba kwa Kiebrania hakuna hadithi za upelelezi, kwa kuwa huko hakuna uhalifu wa ajabu kama ule wa vitabuni. Hadithi yenyewe inakuja kumsuta baadaye. Lakini swali lake ni la maana: kwa nini lugha fulani isiwe na mpelelezi wake?

Kiswahili hakina haja ya kuulizwa swali hilo. Mwaka 1960 Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha "Mzimu wa Watu wa Kale", na ndani yake akatokea Bwana Msa, mtu wa kiko na fikira, ambaye aliikuta maiti kwenye mzimu na watu wote wakitetemeka, naye akakataa kutetemeka. Bwana Msa alifika mahali pa imani akatafuta mkono wa binadamu. Mwaka 1974 Aristablus Elvis Musiba akamtoa Willy Gamba katika "Kufa na Kupona", na vijana wa miji yote wakamsoma mpaka kurasa zikachakaa. Kwa hiyo nusu karne kabla ya Avraham wa Holon kuuliza swali lake, Kiswahili kilikuwa tayari kina wapelelezi.

Hata hivyo, wapelelezi hao wawili hawakupanda mlima Hanang. Bwana Msa alibaki visiwani, na Willy Gamba alipenda ndege na hoteli. Hakuna kati yao aliyewahi kuketi juu ya kigoda katika boma la Mdatoga akangoja mzee aamue kusema. Pengo hilo ndilo linalojazwa na sinema za New York.

LAANA

Sasa yatazamwe mambo ya Mbulu na Hanang, wilaya mbili za Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Wairaqw tangu zamani wanamjua Looaa, Mungu anayefungamanishwa na jua, mwenye wema. Na wanawajua Neetlaamee, pepo wa maji waishio katika vijito, ambao ni wa kuogopwa. Wamisionari Wakatoliki walifika Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20, na Walutheri wa Norwei wakafungua hospitali ya Haydom mwaka 1955. Leo Wairaqw wengi ni Wakristo. Lakini Mkristo huyo huyo anajua vizuri laana ni nini.

Kosa likitendeka na mkosaji asijulikane, wazee huweza kukutana na kumlaani mtu huyo bila kumtaja jina, kwa kuwa hawamjui. Nguvu ya laana haiko katika kumtambua mtu. Iko katika kumfanya anayejua ashindwe kulala. Kwa imani ya Wairaqw laana haimpati mtenda kosa peke yake. Huweza kuiangukia nyumba yake, watoto wake na mifugo yake. Tena Wairaqw wana desturi ya kumtenga kwa muda mtu au nyumba iliyopatwa na unajisi, isichangamane na majirani katika maji wala katika moto. Kwa hiyo anayeficha kosa anahatarisha ukoo mzima, na ukoo mzima una sababu ya kumtaka aseme. Mke atamuuliza mumewe. Mama atamtazama mwanawe. Mwisho mtu hujitokeza mbele ya wazee, akakiri, akalipa, na laana ikaondolewa.

Msomi asiyetaka kuamini laana haombwi kuiamini. Anaombwa kuona kazi inayofanyika. Hapo pana jamii iliyojua, kabla ya kuwapo kituo cha polisi, kwamba shahidi mkuu wa kosa ni dhamiri ya mtu aliyelitenda na ya watu wanaokula naye. Avraham wa televisheni akimwambia mshukiwa kwa sauti ya chini kwamba Mungu anaona, anafanya kazi ile ile. Tofauti ni kwamba yeye hulipwa kwa dola na wazee hulipwa kwa heshima.

Kwa Wadatoga, hasa Wabarbaig wa Hanang, mambo yana sura yake. Kuna mabaraza ya wazee yanayosikiliza mashauri kwa saa nyingi na pengine kwa siku nyingi. Na liko baraza la wanawake, lenye uwezo wa kumhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake na kumtoza faini ya fahali. Watetezi wa haki za wanawake waliosoma mijini wangefaa kulijua baraza hilo kabla ya kuagiza mafundisho kutoka nje. Mwanamume mwenye ng'ombe mia na mkuki mkononi anasimama mbali, kimya, akingoja wanawake waamue. Hakuna mchezo wa televisheni uliokwisha kulionyesha Taifa jambo hilo.

RAMLI

Lakini polemiki ya kweli haipigi upande mmoja tu. Wapo watakaoyasoma maneno haya na kurukia kusema: basi wazee waachiwe upelelezi, na polisi warudi kambini. Hao nao wamepotoka, na kupotoka kwao kumeua watu.

Laana haimtaji mtu. Ramli humtaja. Hiyo ni tofauti ya mbingu na ardhi. Mpiga ramli humwangalia mteja wake, akamwambia aliyekuloga ni yule kikongwe mwenye macho mekundu, na kesho kikongwe amekatwa mapanga. Mikoa ya Shinyanga na Mwanza imezika wanawake wazee wengi kwa sababu hiyo, ambao macho yao yaliwekundwa na moshi wa samadi na kuni za kupikia. Watu wenye ualbino waliwindwa kwa ushauri wa waganga, hata mwezi Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Sheria ya Uchawi ilikuwapo tangu wakati wa Mwingereza, mwaka 1928. Sheria peke yake haikutosha, kwa sababu watu walikuwa wakitafuta jibu, na mwenye jibu la haraka alikuwa ni yule tapeli.

Kwa hiyo mpaka unaonekana. Imani inaweza kumsukuma mtu aseme kweli; haina ruhusa ya kuamua nani mkosaji. Imani ni ya kumhukumu mwenye imani mwenyewe. Jirani yake ana haki ya kuhukumiwa kwa ushahidi.

Na hapa ndipo mpelelezi wa New York anapostahili kushutumiwa bila huruma. Katika mchezo ule Avraham humtazama mtu usoni, akatulia, akafumba macho, kisha akajua. Amejuaje? Amehisi. Mtazamaji anafundishwa kwamba mtu mtakatifu hana haja ya kuhangaika sana na ushahidi, maana moyo wake umemwambia. Hiyo ni nini kama si ramli iliyovaa koti? Mpiga ramli wa kijijini akifanya hivyo anakamatwa. Wa kwenye kioo anapigiwa makofi. Kijana wa Endasak anayetaka kujiunga na Jeshi la Polisi akijifunza upelelezi kwa njia hiyo, siku moja atamtazama usoni mchungaji aliyeletwa mbele yake, atahisi, na atamfunga mtu asiye na kosa.

Katiba ya nchi hii, ya mwaka 1977, inasema wazi kwamba Jamhuri ya Muungano haina dini, na inampa kila mtu uhuru wa imani yake. Mpelelezi anaweza kuwa Mkatoliki wa Mbulu, Mlutheri wa Haydom, Mwislamu wa Kondoa au mfuasi wa dini ya babu zake. Asali atakavyo nyumbani kwake, na kama sala inamzuia kupokea rushwa, basi asali sana. Lakini jalada la kesi halina dini. Likifunguliwa, liwe na maneno ya mashahidi, alama za miguu, ripoti ya daktari na tarehe. Ucha Mungu wa mpelelezi si kielelezo cha kupokelewa mahakamani.

MAKABURI

Je, imani basi haina nafasi katika upelelezi? Inayo, na nafasi hiyo ni kubwa kuliko wanavyodhani watunga sinema. Mpelelezi hahitaji kuwa mcha Mungu, bali anahitaji kuijua imani ya watu anaowahoji. Asiyeijua ni kipofu, hata kama ana cheti cha chuo.

Historia ya Hanang ina somo chungu juu ya jambo hilo. Mwabarbaig mzee mwenye heshima akifa, hujengewa kilima cha kaburi, bung'ed kwa lugha yake. Kilima hicho hakijengwi kwa siku moja. Watu hukutana, udongo huongezwa, na sherehe huendelea kwa miezi mingi. Kikikamilika, kinakuwa alama ya ukoo juu ya ardhi. Watoto na wajukuu hurudi hapo kuomba. Ni dini, na pia ni hati ya kumiliki, ingawa haina mhuri.

Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano ya Shirika la NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua takriban ekari 100,000 za nyanda za Hanang. Nia ilitangazwa kuwa njema: Taifa lipate mkate wake lenyewe. Lakini matrekta yalipita katika malisho, na yakapita pia juu ya makaburi. Mtaalamu aliyekuja na ramani aliona ardhi tupu. Yale yaliyokuwa mbele ya macho yake, vilima vilivyoeleza nani amekaa hapo na kwa vizazi vingapi, aliyaona kuwa vichuguu.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwasikiliza na kuwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba walalamikaji hawakuwa wamethibitisha kwamba ni wenyeji wa nchi kwa maana ya sheria ya ardhi. Fikiri maneno hayo! Mbarbaig mwenye makaburi ya baba zake shambani alishindwa kwa kuwa hakuleta ushahidi kwamba yeye ni Mwafrika wa hapa. Majaji walisoma sheria kama ilivyoandikwa. Swali ni juu ya wale waliotakiwa kukusanya na kupanga ushahidi kabla ya siku hiyo. Ushahidi ulikuwapo, ukiwa umejengwa kwa udongo, urefu wa mtu kwenda juu. Hakukuwa na aliyejua kuusoma.

Hilo ndilo jambo la kufa na kupona katika mjadala huu. Mtumishi anayedharau imani ya mwananchi hadharau hadithi za kale, anaharibu vielelezo.

Liko na jambo la jina. Majalada mengi, na vinywa vingi vya maofisi, huwaita Wadatoga "Wamang'ati". Neno hilo ni la Kimasai, na maana yake ni maadui. Mtumishi anayeandika "Mmang'ati" juu ya maelezo ya shahidi ameandika "adui" kabla shahidi hajafungua kinywa. Ukoloni ulifanya zaidi ya hapo: Wajerumani waliwanyonga viongozi wa kiroho wa Wadatoga, na Waingereza wakawatoza Wabarbaig adhabu ya pamoja, ukoo mzima ukilipa ng'ombe kwa kosa la mtu mmoja. Watu waliofanyiwa hivyo walijifunza kunyamaza. Leo ofisa anapolalamika kwamba "watu wa huku hawatoi ushirikiano," akumbuke ni nani aliyewafundisha ukimya, na ajiulize kama yeye anaufuta au anaukazia.

Na iko lugha. Katika wilaya ya Mbulu mtu husikia Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya Kikushi. Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti. Lugha za Kibantu za jirani wa magharibi. Na katika bonde la Yaeda, Kihadza chenye vidoko, ambacho wataalamu wengi hawakukipatia ndugu. Ni mahali pachache sana katika Afrika panapokutanisha jamii hizo zote. Bibi wa Kidatoga akitoa maelezo kituoni, maneno yake hupita kwa mkalimani, yakawa Kiswahili, yakaandikwa na askari, yakafika mahakamani yamebadilika mara tatu. Mkalimani akiruka neno moja la kiapo, kwa kudhani ni mambo ya kishenzi, ameruka pengine neno lililokuwa na uzito kuliko mengine yote.

KAZI

Desemba 1962, alipolihutubia Bunge baada ya kuapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alieleza kwamba ubaya mkubwa wa ukoloni ni kumfanya Mwafrika aamini kuwa hana utamaduni wake, au kwamba ule alionao ni wa kuonewa haya. Akaonya pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa wengine ni taifa la wajinga. Mawaidha hayo mawili yanakwenda pamoja, na aliyeshika moja tu ameachia nusu.

Kutoka kwa Avraham kuna la kujifunza: subira yake ya kusikiliza. Hamkatizi mtu, hampigi, hamtukani mama wa mtuhumiwa. Kama mchezo ule ungewafundisha askari wote wa kituo kimoja tabia hiyo peke yake, ungekuwa umelipa gharama yake. Yaliyobaki, yaani hisia za ajabu na ukweli unaoshuka kama umande, yaachwe hukohuko.

Walimu wa Mbulu na Hanang wana kazi iliyo wazi. Wanafunzi wao wana babu na bibi waliohudhuria mabaraza yale na kuona laana ikitamkwa na ikiondolewa. Wazee hao hawatakuwapo milele. Daftari la mwanafunzi wa sekondari, likiandikwa kwa uangalifu na kusahihishwa na mwalimu anayejali, linaweza kuhifadhi mambo ambayo hakuna mtaalamu wa kigeni atakayeyapata tena.

Vyuo vya polisi na vya utumishi wa umma navyo vina wajibu. Askari anayepangiwa Katesh apewe, pamoja na bunduki na vitabu vya sheria, mafunzo ya desturi na salamu za watu wa huko, na akalimaniwe na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Polisi Jamii haitakuwa na maana ikiwa jamii yenyewe haijulikani.

Na watunga michezo, pamoja na shirika la utangazaji la Taifa, watoke Dar es Salaam. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994. Umekwisha kuwa muda wa kutosha kujifunza. Upo mchezo unaongoja kuandikwa: mpelelezi wa kike wa Kiiraqw amerudi nyumbani Mbulu akiwa na cheo na sare, ng'ombe wameibwa na mtu ameuawa kando ya ziwa Balangida, wazee wamelaani, mpiga ramli ametaja jina, kijiji kiko tayari kuua, naye ana siku moja ya kupata ushahidi kabla damu ya mtu asiye na kosa haijamwagika. Mchezo huo hauhitaji New York. Unahitaji mtunzi mwenye masikio.

Mpaka utakapoandikwa, mtumishi wa Hanang anaweza kuanza na jambo dogo lisilo na gharama. Kesho asubuhi mzee atakapoingia ofisini, akavua kofia, akaanza shauri lake kwa kumtaja Mungu wake kwa lugha yake, mtumishi asitazame saa. Aweke kalamu chini, asikilize mpaka mwisho, kisha aichukue kalamu na kuandika yote.